Mzee Anakuja Kula

Simu iliingia Jumamosi asubuhi, Kitinda amesimama jikoni anakunywa chai huku kavaa kiatu kimoja. Aliyepiga ni yule bwana wa itifaki wa Ikulu, mwenye sauti laini kama anambembeleza mgonjwa.

"Mheshimiwa, Mzee anakuja kula kwako kesho mchana. Atakuja na gari moja tu. Anasema msihangaike."

Kitinda akasema asante, akaiweka simu mezani, akakaa. Chai ilimshinda.

Huyo Mzee ni baba yake mzazi. Mtu wa kawaida atauliza, baba kuja kula kwa binti yake kuna nini cha kumnyima mtu chai? Ndiyo maana mtu wa kawaida hajawahi kuongoza nchi. Mzee alikuwa amekikalia kiti tangu Kitinda akiwa shule ya msingi, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumfukuza mtu kazi akiwa mbali. Alikuwa anamtembelea. Anakuja kwako Jumapili na gari moja, bila ving'ora. Anasifia mchuzi, anambeba mtoto wako, anazunguka nyumba na wewe. Ukimsindikiza getini anakushika bega na kukwambia umefanya kazi kubwa. Wiki hiyohiyo, kwenye taarifa ya habari ya mchana, unasikia jina la mtu mwingine aliyekaa mahali pako. Maofisini hawakusema fulani kafukuzwa. Walisema fulani kafikiwa.

Waziri wa Fedha alifikiwa, akacheka na Mzee mpaka machozi yakamtoka, kabla wiki haijaisha akamwaga unga. Jaji Mkuu alifikiwa akiwa na mafua, Mzee akamletea machungwa. Mkuu wa majeshi, mtu mwenye mabega ya kubeba mlango, aliposikia anafikiwa alifunga nyumba akakimbilia kwa wakwe. Mzee akaja hivyohivyo, akala na mlinzi wa getini, na jenerali akapelekwa ubalozini huko kwenye theluji, akawe anaitazama dirishani.

Kwa Kitinda, tangu aolewe, Mzee hakuwahi kukanyaga. Wengine wangenuna. Yeye alikuwa anamshukuru Mungu.

"Wazazi huwa wanakula kwa watoto wao," alisema mumewe, mwalimu wa hesabu chuo kikuu, mtu mpole aliyeamini kwamba swali likiwa gumu ni kwa sababu hujalisoma vizuri. "Kwetu baba anakuja kila mwezi. Anakula, analala kwenye kochi, anakoroma, anaondoka."

"Kwenu hamna Ikulu," Kitinda akamjibu.

Tuseme ukweli kuhusu huyu mama, asije akaonekana malaika. Ubunge aliupata akiwa bado msichana, katika jimbo aliloliacha baba yake mdogo aliyefariki. Mpinzani wake, mwanaume mwenye afya ya fahali, aliugua ghafla kampeni zilipoanza na kupona ghafla kura zilipokwisha. Unaibu waziri ulikuja wiki ya arusi yake, watu wakadhani ni zawadi ya arusi, na hawakukosea sana. Wa mwisho kuzaliwa, ndiyo maana akaitwa Kitinda, alipita kila mlango ukiwa umeshafunguliwa na mtu mwingine. Nchi nzima ilijua, naye alijua kwamba inajua.

Lakini alipopewa wizara ya Ujenzi aliwashangaza. Alivaa buti za mpira akaenda kulala kwenye kambi za makandarasi. Alijifunza kutofautisha barabara iliyoshindiliwa na ile iliyopakwa lami juujuu ili wakubwa wapite siku ya uzinduzi. Garini mwake alitembea na nondo fupi. Akifika kwenye barabara mpya anashuka, anaidunga pembeni, na ikizama kirahisi mkandarasi anaanza kutokwa jasho. Barabara ya milimani iliyowashinda mawaziri watatu aliimaliza yeye. Sasa alikuwa na daraja la mto mkubwa, nguzo mbili zimesimama na ya tatu bado, na kila mwisho wa wiki alikwenda kuzitazama kama mama anayechungulia watoto waliolala. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na kitu ambacho hakupewa na jina la baba yake. Na sasa baba yake anakuja kukichukua.

Kwa kosa gani? Alijiuliza mchana kutwa huku akipanga na kupangua sahani. Jibu moja tu lilimjia, nalo lilikuwa Kaka.

Kaka ni mtoto wa kwanza wa Mzee, Katibu Mkuu wa chama, na watu wote walimwita hivyo, hata waliomzidi umri. Kwa miezi kadhaa alikuwa akimzunguka Kitinda na wimbo mmoja. Mzee amechoka. Mzee apumzishwe. Kamati Kuu ya chama imegawanyika nusu kwa nusu, na sauti ya Kitinda ndiyo itakayoamua. Kila mara Kitinda alimjibu neno lilelile: "Mimi simgeuki baba." Je, Mzee alisikia kwamba maneno hayo yanazungumzwa, akadhani na yeye yumo? Au Kaka mwenyewe ndiye aliyekwenda kumsema, ili amkomoe?

Alasiri Kaka akapiga simu kabla hajapigiwa.

"Nasikia unafikiwa, mdogo wangu."

"Umesikia kwa nani?"

"Hayo ya nani yaache. Mimi nakuonea huruma tu. Wiki iliyopita Mzee aliniuliza nani anafaa Ujenzi. Nikamwambia, si yupo Kitinda? Akanyamaza."

"Akanyamaza vipi?"

"Unamjua anavyonyamaza," alisema Kaka. "Kamati inakaa Jumanne. Sikusukumi. Nakukumbusha tu."

Mzee akafika Jumapili kama alivyosema, gari moja, kimya. Alikuja na mkongojo, lakini aliuacha garini, akatembea mpaka mlangoni huku mkono wake ukiupapasa ukuta. Mtoto wa Kitinda wa miaka sita alikuwa wa kwanza kumpokea. Alimtazama toka juu mpaka chini.

"Wewe ndiye babu wa darasani?"

Kila darasa nchini lilikuwa na picha ya Mzee juu ya ubao.

"Ndiye mimi."

"Mbona kule una nywele?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa, kisha akainama akambeba. Kitinda aliona mtoto wake anapanda mikononi mwa Mzee. Hiyo moja, alisema moyoni.

Mezani Mzee akaonja mchuzi, akafumba macho. "Mtamu! Umepika wewe?" Hiyo mbili.

"Amepika dada wa kazi, baba. Mimi hata chumvi sijui inakaa wapi."

"Mama yako naye alikuwa hivyohivyo," alisema Mzee. Mkewe alikuwa amefariki miaka mingi, na si kawaida yake kumtaja. Kisha akaweka kijiko chini. "Kitinda, mama, kuna jambo nimekuja..."

"Ongeza wali, baba," Kitinda akamkatiza, na kabla hajajibiwa alishampakulia.

Mzee akatazama sahani, akala kidogo kwa adabu. "Nilikuwa nasema, kuna jambo..."

"Na kuku hujamgusa kabisa!" Paja likatua juu ya wali.

Hakuwa na mpango wowote. Kichwani mwake aliona tu kwamba neno lisiposemwa halijawa, na kwamba mdomo wenye chakula hausemi. Ni akili ya mtoto anayejificha kwa kufumba macho, ila woga ukimpanda mtu haulizi ana shahada ngapi. Kila Mzee alipovuta pumzi, upawa ulikuwa hewani. Mwishowe sahani yake ilijaa chakula cha kushibisha wachukuzi wawili, naye akakata tamaa, akapangusa mikono.

"Hebu nioneshe nyumba."

Hiyo tatu. Nyumba ile ilikuwa ya serikali. Anayepewa Ujenzi anapewa na nyumba, na anayenyang'anywa hupewa mwezi mmoja afungashe. Kitinda akatangulia, mumewe akafuata nyuma. Mzee sebuleni hakukaa. Alipofika kwenye ngazi alitikisa kichwa, akasema huko juu hana haja nako. Alikwenda moja kwa moja mpaka chumba cha chini, cha nyuma, kinachotazama bustani.

"Hapa analala nani?"

"Wageni, baba."

"Jua linaingia asubuhi au jioni?"

"Asubuhi."

"Vizuri." Akaingia bafuni, akafungua bomba, akaweka vidole chini ya maji akasubiri mpaka yapate moto. Akarudi, akakibonyeza kitanda kwa kiganja, huku, kisha kule. "Na watoto wanaamka saa ngapi? Wana kelele?"

Kitinda alianza kupiga hesabu. Anamkagulia nani? Nani huyo anayependa jua la asubuhi? Mkwe wa Kaka, mkandarasi mwenye uchu wa uwaziri, alikuwa na mama mzee asiyeweza kupanda ngazi. Au naibu wake mwenyewe, anayemchekea kila siku kwenye lifti? Akili yake ilizipitia sura za baraza zima, na kila sura aliyoifikia ilikuwa tayari imelala kwenye kitanda kile.

"Karibu hata ulale leo, baba," alisema mumewe, kwa uchangamfu kabisa. "Chumba kipo tu."

Mzee akageuka haraka kuliko umri wake. "Kweli?"

Kitinda akamkanyaga mumewe mguu. "Anatania, baba. Chumba hiki kina unyevu, mtu akilala anaamka kifua kimebana. Na panya usiseme, wanapita humu wanavyotaka."

Haukuwepo unyevu. Panya hakuwepo hata mmoja. Mzee aliuondoa mkono wake kitandani taratibu.

"Ahaa," alisema. "Basi."

Getini alimshika bega, kama alivyowashika wote. "Umefanya kazi kubwa, Kitinda. Ile barabara ya milimani, mimi nisingeiweza." Akatazama pembeni. "Kazi hizi zinachosha. Mtu akichoka apumzike."

Gari lilipokunja kona, Kitinda hakungoja hata vumbi litue. Akampigia Kaka.

"Jumanne," alisema, "nipo na wewe."

Kamati Kuu ilikaa kwenye ukumbi wa makao makuu ya chama, meza ndefu ya mviringo wa yai, kila mtu na kipaza sauti chake na chupa yake ya maji. Mzee alikaa kichwani mwa meza. Alikuwa amevaa suti ya kijivu aliyozoea kuvaa siku za kuaga viongozi wastaafu, na Kitinda alipoiona aliapa moyoni kwamba hatakuwa yeye anayeagwa. Kabla Mzee hajafungua kikao, Kaka akaomba utaratibu. Alizunguka mbuyu kama kawaida yake, akamsifu baba yake mpaka sifa zikanuka, kisha akasema kwamba chama kina hoja moja ya dharura, na mwenye kuisema vizuri ni mtoto wa Mzee mwenyewe.

Macho yote yakamgeukia Kitinda. Alibonyeza kipaza sauti, taa nyekundu ikawaka.

"Waheshimiwa," alisema, na sauti yake haikutetemeka, jambo ambalo baadaye lilimuuma kuliko yote. "Mzee wetu amefanya kazi kubwa. Amechoka. Mtu akichoka apumzike."

Wa kwanza kunyoosha mkono kuunga hoja alikuwa Kaka, kisha waliokuwa karibu naye, kisha waliokuwa wanatazama nani kanyoosha. Mzee hakupiga meza. Hakumlaani mtu. Alimtazama binti yake kwa muda, uso hauna hasira, una mshangao tu, kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto mchanga.

"Ningeondoka mwenyewe," alisema.

Akainuka. Hakuwa na mkongojo, kwa hiyo vijana wawili wa Kaka wakamshika makwapa, wakampitisha mlango wa nyuma. Jioni ile redio ilisema Mzee amekwenda kupumzika shambani kwake, na kwamba kwa ajili ya utulivu wake hatapokea wageni.

Kitinda alibaki Ujenzi. Siku tatu alijipongeza. Ya nne Shangazi akaja.

Shangazi ni dada wa Mzee, ndiye aliyemtunza Ikulu tangu afiwe na mke. Alikuwa mwanamke mnene asiyependa maneno marefu. Hakukaa sebuleni. Alipita moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma, akasimama katikati, akanusa.

"Unyevu uko wapi?"

Kitinda hakuelewa.

"Nakuuliza unyevu uko wapi. Na panya wako wapi? Baba yako alirudi Jumapili kutoka hapa akaniambia chumba kina unyevu na panya. Nikamwambia si mtapaka rangi, si mtatega mitego? Akasema hapana, dada, Kitinda hanitaki."

"Simtaki vipi? Shangazi, alikuja kunifikia!"

"Alikuja kukuomba chumba!" Shangazi alipandisha sauti, kisha midomo ikaanza kumcheza. "Amechoka na ile nyumba. Analala peke yake kwenye jumba lenye mwangwi, usiku anaita hakuna anayeitika. Jumanne alikuwa anaaga mwenyewe. Suti yake nilimpigia pasi mimi, kwa mikono hii. Alikuwa awaambie, mimi basi, kiti hiki hapa, chagueni mtu mnayemtaka, asitoke nyumbani kwangu. Akitoka hapo aje kwako, akae na wajukuu."

Kitinda akauliza, "Kwa nini hakusema?"

"Angesema saa ngapi? Amesema kila akifungua mdomo unampakulia."

Bustanini mtoto alikuwa anakimbiza mpira.

"Nani mwingine alijua?" Kitinda aliuliza, ingawa alishajua.

"Nilimwambia Kaka," alisema Shangazi. "Ijumaa, kabla baba yako hajaja kwako. Nilidhani atafurahi."

Kitinda alilia siku ile, akalia na zilizofuata. Tusimsingizie moyo wa jiwe. Lakini pia hakujiuzulu, na hilo nalo liandikwe. Alijiambia kwamba akiwa ndani ataweza kumtoa baba yake shambani, na kwamba akiwa nje hataweza lolote. Kaka aliapishwa, naye akasimama safu ya mbele akapiga makofi. Kila walipokutana alimwomba ruhusa ya kwenda kumwona Mzee, na kila mara Kaka alimuuma na kumpuliza. "Subiri kidogo, mdogo wangu. Mambo yatulie." Nguzo ya tatu ya daraja ikasimama. Mambo hayakutulia.

Chumba cha nyuma alikitengeneza mwenyewe. Alileta godoro gumu, kama Mzee anavyopenda. Bafuni akafunga chuma cha kushikia ukutani, akakijaribu kwa kukining'inia na uzito wake wote. Mkongojo ule ulioachwa garini dereva wa zamani alimletea kwa siri, akauegemeza kando ya kitanda. Mtoto akiuliza babu wa darasani anakuja lini, aliambiwa karibu. Darasani picha ilishabadilishwa, lakini mtoto hakuikubali ile mpya, alisema ina nywele nyingi mno.

Kisha Jumamosi moja asubuhi simu ikaita. Ilikuwa ile sauti laini ya itifaki.

"Mheshimiwa, Kiongozi anakuja kula kwako kesho mchana. Atakuja na gari moja tu."

Kitinda alikaa na simu mkononi muda mrefu. Mumewe alipoingia akamkuta hivyo, akamuuliza nani anakuja. Akamwambia.

"Kaka yako anakuja kula," alisema mumewe polepole. Safari hii hakuongeza neno kuhusu kwao.

"Labda anakuja kula tu," alisema Kitinda. "Au anakuja kuniambia wanamwachia baba. Ndugu hawawezi kuja kula?"

Aliyasema hayo kwa kumaanisha. Usiku mzima aliyashikilia. Alitaka sana, kuliko alivyowahi kutaka uwaziri, iwepo kwenye ukoo wao ziara moja ambayo ni ziara tu.

Kaka akaja bila ving'ora. Akambeba mtoto, mtoto akajinyonganyonga akashuka. Akauliza kama anaweza kuona nyumba, akapita ngazi bila kuzitazama, akaenda mpaka chumba cha nyuma. Akauona mkongojo, akaushika, akaurudisha mahali pake. Akakibonyeza kitanda kwa kiganja.

"Hapa analala nani?"

"Bado hajaja," alisema Kitinda.

Kaka akatikisa kichwa kwa huruma, wakarudi mezani. Alionja mchuzi, akafumba macho kama baba yake, akasema mtamu. Kisha akaweka kijiko chini, akamtazama dada yake usoni.

"Kitinda, mdogo wangu. Umefanya kazi kubwa..."

Kitinda alishainuka. Aliuchota wali kwa pupa, punje zikamwagika kwenye kitambaa cha meza.

"Ongeza wali, Kaka," alisema, akampakulia.